Kikaratasi cha Wifi

Jumatatu, 3 Aprili

Daftari hili nimelinunua leo kwenye duka la vifaa vya shule, baada ya kugundua jambo lililonishtua kidogo: tangu Ijumaa nilikuwa sijazungumza na mtu. Mwenye duka aliponiuliza kama nataka lenye mistari au la hesabu, sauti ilinitoka ikikwaruza kama ya mtu aliyeamshwa. Nikakohoa, nikasema, "Lenye mistari." Hayo ndiyo mazungumzo yangu ya siku nne.

Nina miaka sabini na moja. Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa opereta wa simu katika kiwanda cha nguo. Kutwa nilivaa visikizio, nikiunganisha watu waliokuwa na la kuambiana. Mume wangu alifariki miaka miwili iliyopita. Hatukujaliwa watoto. Nakaa ghorofa ya tatu, vyumba viwili, na goti langu la kulia ni bovu. Mlango wa pili, tunaogawana ukuta, ni wa wifi yangu, dada wa marehemu. Hatusemeshani.

Mvua imeanza.

Jumatano, 5 Aprili

Mvua. Nimefua soksi. Hazikauki.

Alhamisi, 6 Aprili

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kama kawaida, ukutani: "Moja, mbili, tatu, nne." Wifi alikuwa mwalimu wa michezo. Ana miaka sabini na sita na bado anafanya mazoezi kwa sauti kana kwamba mbele yake wamepangwa wanafunzi mia. Akimaliza anashuka kwenda sokoni, na akirudi anapanda ngazi zote hizi na mifuko miwili bila kushika reli. Mimi napanda kama natembelea kaburi.

Bawabu wa jengo, ambaye sote tunamwita Taarifa kwa sababu hakuna jambo linalompita, ameniambia leo: "Wifi yako anasema hajameza kidonge tangu aolewe." Nikamjibu kwamba basi mumewe ndiye aliyemeza vyote. Taarifa alicheka mpaka akakaa chini. Nilipanda juu nikiwa na furaha, kisha nikafunga mlango na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Jumapili, 9 Aprili

Niandike kwa nini hatusemeshani, nisije nikaonekana mimi ndiye mwenye moyo mgumu.

Mume wangu alianza kushikwa na kifua Jumatatu. Nilimwambia twende hospitali, akasema ni gesi. Jumanne nilimwambia tena, akanipigia kelele, yeye ambaye hakuwa mtu wa kelele. Jumatano alfajiri aliondoka. Siku ya msiba, nyumba imejaa watu, wifi alisimama katikati ya chumba changu akasema, "Mdogo wangu amekaa siku mbili na maumivu na huyu yuko hapa anamtazama tu. Angemwahisha, leo tungekuwa naye." Watu walitazama chini, na nilijua kila mmoja atakwenda na maneno yale kwake.

Tangu siku hiyo ni ukuta tu.

Jumanne, 11 Aprili

Leo nilikuwa na mgeni. Muuguzi wa zahanati, mwanamke mfupi mwenye koti la mvua lililomzidi, anapita nyumba za wazee na daftari lake. Nikampa kiti, nikampa chai, nikamwongezea kabla hajamaliza ili asiondoke upesi.

Alisema zahanati imepata chanjo kwa watu wa miaka sitini na mitano kwenda juu: ya mafua makali na ya nimonia. Nikamwambia nilidhani chanjo ni mambo ya watoto wachanga.

"Kinga ya mwili nayo inazeeka, mama," alisema. "Haiwahi kazini kama zamani."

"Imestaafu kama mimi."

"Haijastaafu. Inataka kukumbushwa kazi." Akatazama mlango wangu na ngazi nje. "Mimi siwaahidi wazee miaka mia. Ninachotaka ni uendelee kupanda ngazi hizi mwenyewe na kujipikia chai hii mwenyewe. Watu wanaogopa kufa tu. Lakini nimewaona wengi wakipona nimonia na kurudi nyumbani wamepungua. Kuoga mpaka washikwe. Baada ya miezi miwili watoto wanawahamisha, nyumba inafungwa."

Ameniandikisha. Kisha akagonga kwa wifi, hakuwepo. Akaandika kikaratasi: Alhamisi tarehe 20, saa tatu asubuhi, zahanati, dozi ni chache, zikibaki zinapelekwa kwingine. "Ni wifi yako? Vizuri. Mpe hiki, nimekwisha maliza jengo lenu."

Nikasema nitampa.

Jumatano, 12 Aprili

Nilimsikia wifi akirudi kutoka sokoni. Nilitoka na kikaratasi mkononi. Alikuwa anatafuta ufunguo; akageuka, akanitazama kuanzia miguuni mpaka usoni, kama alivyonitazama siku ile ya msiba, kisha akaingia na kufunga. Hakubamiza mlango. Aliufunga taratibu, na hilo liliniuma zaidi.

Ningeweza kukipitisha chini ya mlango. Nilirudi ndani. Nitampa kesho.

Jumamosi, 15 Aprili

Sijampa.

Jumanne, 18 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Kikaratasi kiko mezani, kimeloa chai pembeni. Niliwaza: kwani yeye si anajisifu kwamba haumwi? Niliwaza pia kwamba Alhamisi nitakuwa nimeketi pale zahanati na yeye hatakuwepo, na nitakuwa najua kitu ambacho yeye hajui. Naandika hili kwa sababu ni kweli.

Alhamisi, 20 Aprili

Nimechanjwa, sindano mbili, moja kila mkono. Wazee kama ishirini, kila mmoja na mwavuli na malalamiko yake. Muuguzi alipofika kwenye jina la wifi aliniuliza, "Yuko wapi jirani?"

Ningesema nimesahau. Angenituma kumwita, ni mwendo wa dakika kumi. Badala yake nilisema, "Nimempa. Amesema haji."

Hata sikuhitaji kuongeza hilo la pili. Muuguzi alitikisa kichwa, akaandika mbele ya jina neno moja: *Amekataa*. Nililisoma kichwa chini miguu juu.

Ijumaa, 21 Aprili

Mikono inauma kidogo. Kikaratasi nimekitia ndani ya kitabu cha zamani cha namba za simu, mahali ambapo hakuna anayefungua.

Jumamosi, 6 Mei

Jengo zima linakohoa. Taarifa amejifunga skafu mpaka machoni.

Jumatatu, 8 Mei

Mafua yamenipata na mimi. Pua, kichwa, uchovu. Nikasema sindano zile zilikuwa kazi bure.

Alhamisi, 11 Mei

Nimepona. Siku tatu tu, na nilijipikia supu mwenyewe siku zote tatu. Mwaka juzi yalinilaza wiki tatu, na marehemu ndiye aliyekuwa akininywesha.

Ijumaa, 12 Mei

Wifi anakohoa. Sauti ya ukutani imebadilika.

Jumapili, 14 Mei

Asubuhi alihesabu mpaka sita, akakohoa, akaanza tena moja. Safari ya pili alifika nne.

Jumatatu, 15 Mei

Nina mambo mengi ya kuandika.

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa macho, nasubiri. Kimya. Nikajiambia kachelewa kuamka. Saa moja, kimya. Redio yake haikuwashwa. Nilisimama na sikio ukutani kama nilivyokuwa nikisubiri laini ipatikane. Kulikuwa na sauti moja tu, ya kitu kinachokwaruza sakafu, kisha hiyo nayo ikaacha.

Nilitoka na kanga ya kulalia. Nikagonga. "Wifi." Neno la kwanza katika miaka miwili. "Wifi, ni mimi. Fungua."

Hakufungua. Nilishuka ngazi kwa goti langu hili, sijui nilishukaje, nikamwita Taarifa. Alikuja na funguo za akiba.

Alikuwa ameketi sakafuni jikoni, mgongo umeegemea kabati, miguu imenyooka mbele. Midomo imebadilika rangi. Alikuwa anapumua upesiupesi, juujuu, kama mtu anayepuliza uji wa moto. Nilipiga magoti mbele yake. Aliniangalia bila kunijua.

"Wanafunzi wameondoka?" aliniuliza.

"Wameondoka, wifi. Umewafundisha, wameondoka."

"Wote?"

"Wote."

Taarifa alitaka tumlaze kwanza, tumpe maji, tumpigie simu mwanawe tusikie atasemaje. Nikamwambia, "Kalete gari sasa hivi." Sijui sauti ile ilitoka wapi, Taarifa alikimbia. Dereva wa teksi na yeye walimkalisha kwenye kiti cha jikoni, wakakibeba mmoja mbele mmoja nyuma, ngazi zote tatu, na mimi nyuma nimeshika kandambili zake. Sikumbuki nilizichukua za nini.

Hospitalini walimwekea oksijeni. Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alisema mafua makali yamefungua njia na nimonia imeingia mapafu yote mawili. Aliuliza umri, akaandika. Akauliza, "Amechanjwa msimu huu?"

"Hapana."

"Alikataa?"

"Sijui," nikasema.

Nilimpigia simu mwanawe, anayekaa mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi. Aliniita mama, akanishukuru mara tatu. Kisha nilikaa kwenye benchi la korido na kandambili za watu mapajani.

Jumanne, 16 Mei

Bado oksijeni. Hajui siku.

Jumatano, 17 Mei

Vilevile. Mwanawe amefika.

Alhamisi, 18 Mei

Leo asubuhi niliamka saa kumi na mbili na nusu bila kuamshwa, nikabaki kitandani nikitazama ukuta. Miezi mingapi nimeuombea ukuta huu ukae kimya.

Jumatatu, 22 Mei

Ameamka kweli. Mwanawe alikuwa ametoka kununua dawa, tukabaki wawili. Alinyoosha mkono juu ya shuka. Mkono umebaki mifupa na mishipa.

"Wifi," alisema, "Taarifa alikuja jana. Amenieleza yote. Umeniwahisha."

Nilimvutia shuka.

"Na mimi ndiye niliyesimama mbele za watu nikasema hukumwahisha mdogo wangu." Alipumzika, akavuta pumzi kwenye ule mrija. "Nilijua alivyokuwa mbishi. Nimemlea, nisimjue? Nilikuwa na uchungu, nikautupa kwa aliyekuwa karibu. Unisamehe."

Nimeyasubiri maneno hayo miaka miwili. Nilikuwa nikiyatunga usiku, na majibu yake pia, mengine makali, mengine ya upole. Leo nimeyapata, na sikuwa na pa kuyaweka. Nilisema, "Pumzika, wifi." Nikaenda chooni nikafungua bomba ili nisisikike.

Jumanne, 30 Mei

Wifi amerudi nyumbani. Kutoka kitandani hadi dirishani anapumzika mara moja, anashika kiti. Alitazama miguu yake akauliza, "Miguu ya nani hii?" Tukacheka, lakini yeye aliacha kucheka kabla yangu.

Mwanawe anataka kumchukua. Nyumba kubwa, mkwe yupo, msaidizi yupo. Wifi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nimeingia kwenye vyumba hivi na miguu yangu na sitoki kwa kubebwa mara ya pili." Walivutana. Mwishowe mwanawe alinigeukia mimi. "Mama, wewe upo hapa mlango wa pili. Ukisema utamtazama, nitamwacha mpaka mvua ziishe tuone."

Nikasema nitamtazama.

Alhamisi, 1 Juni

Uji saa moja. Kumwogesha. Kutembea korido mara mbili. Mazungumzo mpaka koo limekauka.

Jumapili, 4 Juni

Wifi anasema chai yangu ni maji ya kuoshea vikombe. Nimemwambia ainuke aipike yake. Ameinuka. Amesimama jikoni muda wote wa maji kuchemka, ameshika ukingo wa meza, jasho linamtoka, akaipika. Ilikuwa tamu kuliko yangu, na sikumwambia.

Jumatano, 7 Juni

Alinisimulia utoto wa mume wangu: jinsi alivyoogopa bata. Niliishi naye miaka arobaini na moja sikujua kwamba aliogopa bata. Tulicheka mpaka akakohoa, nikaogopa, akaniambia niache kumtazama kama yai.

Siandiki sana siku hizi. Ninaye wa kumwambia.

Jumamosi, 10 Juni

Nimekutana na muuguzi nje ya duka la dawa. Aliniuliza hali ya mgonjwa, nikamweleza. Alisikitika sana. "Nimejilaumu," alisema. "Alipokataa, ningekuja mwenyewe kumshawishi. Wazee wenye nguvu kama yeye ndio wagumu, wanadhani nguvu ni kinga. Nilikuwa na majengo sita, nikasema ameshakataa, basi."

Nilimuuliza, "Angechanjwa asingeugua?"

"Siwezi kuapa, mama. Wapo wanaochanjwa na wanaugua. Ila wengi wao huugua kidogo, wachache wanafika kwenye oksijeni. Kwa mtu mmoja mmoja hakuna ajuaye." Akanishika bega. "Mkumbushe, akipata nguvu aje. Na usijibebeshe, wewe ulimpa ujumbe."

Nilimwangalia akienda zake katika koti lile kubwa. Kwa hiyo sasa yuko mwingine anayebeba langu.

Jumapili, 11 Juni

Nimekaa kutwa nikipima. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Muuguzi ana neno lake daftarini, wifi ana shukrani yake, mwanawe ana amani yake, na mimi nina mtu wa kunywa naye chai. Ni nani atakayefaidika nikisema? Nimejiuliza hivyo mara nyingi, na kila mara aliyekuwa akijibu upesi ni mimi, kwa ajili yangu.

Wifi amepiga ukuta saa kumi. Ametengeneza chai.

Jumatatu, 12 Juni

Nilitoa kikaratasi kwenye kitabu cha simu, nikaenda nacho. Alikuwa dirishani kwenye kiti, anatazama mvua. Nikakiweka mapajani mwake. Alivaa miwani, akasoma, akakigeuza nyuma, akasoma tena mbele.

"Tarehe ishirini Aprili," alisema. "Imepita. Cha nini hiki?"

"Muuguzi alikuachia. Ulikuwa sokoni. Nilitakiwa nikupe."

"Mbona hukunipa?"

"Sikukupa."

Alisubiri. Anajua kusubiri, amefundisha watoto.

"Kulikuwa na siku tisa," nikasema. "Mimi nilikwenda, nikachanjwa. Aliponiuliza habari zako nikamwambia umekataa. Ameandika hivyo. Hospitali nako nikasema sijui."

Mvua ilikuwa inapiga vioo. Alikunja kikaratasi kwa mikunjo yake ileile ya zamani, taratibu.

"Ulinichukia kiasi hicho?"

"Sikutaka uugue, wifi. Nilitaka tu kuwe na kitu ukikose."

Aliyafikiria hayo. Niliona uso wake ukifanya kazi.

"Nilipokuomba msamaha pale kitandani," alisema, "ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na uji huu wote."

"Uji ulikuwa uji. Sikuwa nalipa kitu." Lakini hata nilipokuwa nasema sikuwa na hakika. "Kwa mdogo wako ulinisingizia. Kwa hili hakuna wa kunisingizia. Nimefanya."

Alivua miwani, akaiweka juu ya kikaratasi. Hakupaza sauti. Ningetaka apaze.

"Nenda kwako," alisema.

Jumatano, 14 Juni

Mwanawe alikuja jana jioni. Sijui wifi amemwambia nini. Kijana alinisalimu kwa heshima bila kunitazama. Wameshuka naye leo saa kumi na moja alfajiri nikiwa nyuma ya mlango. Alishuka kwa miguu yake, ngazi moja, pumzi, ngazi moja. Nilisikiliza mpaka mwisho.

Alhamisi, 15 Juni

Ukutani hakuna kitu.

Jumatatu, 19 Juni

Nilikwenda zahanati nikamweleza muuguzi ukweli, mbele ya dirisha la kadi, watu nyuma yangu wakisikia. Hakunigombeza. Alifungua daftari lake la Aprili, akatafuta mstari, akakata neno *Amekataa*, akaandika juu yake *Hakuarifiwa*. Akaniomba niweke sahihi pembeni. Nikaweka.

"Angalau sasa najua hakukataa," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya chai.

Ijumaa, 23 Juni

Mvua zinapungua. Sauti yangu imeanza tena kukwaruza.

Jumatatu, 26 Juni

Taarifa aliniuliza kama wifi hana simu huko aliko, mbona hanipigii. Nikamwambia anayo. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuuliza zaidi.

Jumamosi, 1 Julai

Nimekuwa nikifikiri kwamba nilimjua kwa sababu nilimsikia kupitia ukuta. Nilijua saa yake ya kuamka na saa ya redio yake. Sikujua kwamba anapika chai tamu, wala kwamba ndiye aliyemlea mume wangu tangu ana miaka minne, mama yao alipokuwa mgonjwa. Aliniambia hilo wiki moja kabla sijampa kikaratasi. Ule uchungu wa siku ya msiba ulikuwa wa mama, na mimi niliupokea kama wa wifi.

Jumapili, 9 Julai

Jua. Nimefua mapazia.

Alhamisi, 20 Julai

Nilikuwa naosha vyombo niliposikia ngazi. Hatua moja, kisha kimya kirefu. Hatua moja. Nilidhani ni mzee wa ghorofa ya pili. Lakini hatua zilipita ghorofa ya pili.

Nilifungua mlango. Alikuwa ameshika reli kwa mikono miwili, amekonda, kitambaa kichwani, na nyuma yake mwanawe amebeba sanduku na uso wa mtu aliyeshindwa kesi.

"Kule hanitii kabisa," mwanawe alisema, bila kuambiwa aseme. "Tunamvisha anavua, anavaa mwenyewe. Msaidizi akimletea chakula kitandani anakirudisha jikoni kwa mkono wake. Mke wangu amelia."

Wifi alifika juu. Alipumua mpaka akatosheka, kisha akanitazama.

"Sijaja kwako," alisema. "Nimekuja kwangu."

"Karibu," nikasema.

Akaingia, akafunga mlango taratibu.

Ijumaa, 21 Julai

Redio imewashwa. Nimesikiliza taarifa ya habari yote kupitia ukuta, hata bei za mahindi.

Jumapili, 23 Julai

Amegonga. Hakuingia, alisimama kizingitini.

"Mwanangu aliongea na yule muuguzi kwa simu. Wamepata nyingine, ya nimonia. Jumanne. Kushuka naweza, ila wakati wa kupanda nataka mtu nyuma yangu, nisije nikaanguka nikawapa watu la kusema. Mwanangu ameshaondoka."

"Nitakuwepo."

"Saa tatu. Usichelewe."

Jumanne, 25 Julai

Tumeshuka saa mbili na nusu. Mimi na goti, yeye na mapafu, tulisimama kila kona ya ngazi kama watu wanaohama. Taarifa alitaka kuita gari, wifi akamwangalia, naye akarudi kukaa.

Zahanati muuguzi alimkaribisha mwenyewe. Alimuuliza maswali yake yote: homa, dawa, siku aliyotoka hospitali. Kisha, kalamu juu ya daftari, akauliza, "Umekuja na nani, mama?"

Muuguzi anajua mimi ni nani. Sijui kwa nini aliuliza. Wifi alipandisha mkono wa gauni, kisha akasema, "Na wifi yangu."

Alichomwa bila kukunja uso. Muuguzi akatuambia tukae nje kwenye benchi robo saa, kuangalia kama mwili umeipokea chanjo vizuri, ndipo tuondoke. Tulikaa. Ilikuwa asubuhi kavu, ya kwanza kwa muda mrefu yenye vumbi kidogo. Mwanamke mmoja alikuwa anabembeleza kichanga kilichotoka kuchomwa.

"Sijakusamehe," wifi alisema, akimtazama yule mtoto.

"Najua."

"Nataka ujue kwamba nalifikiria. Kila siku nalifikiria. Siku nyingine naona nitaweza, siku nyingine naikumbuka ile sakafu ya jikoni."

"Sawa, wifi."

"Usiniharakishe."

"Sikuharakishi."

Alijinyoosha mgongo kwenye ukuta, akafumba macho juani. Muuguzi alichungulia mlangoni, akatazama saa yake, akasema muda umekwisha, tunaweza kwenda nyumbani.

Tukamshukuru. Hakuna aliyeinuka.